Kopo la Chumvi

Mama alikuwa anaiba chumvi. Nasema kuiba kwa sababu alijificha: anaingia jikoni, anachovya vidole ndani ya kopo, analamba, anatoka kama hakuna lililotokea. Nilikuwa na miaka kumi na saba, jiko letu la mtaani Bwiza lilikuwa mikononi mwangu, na hasira zangu zilikuwa karibu. Wadogo zangu hawakunisikiliza hata siku moja. Majirani walinitisha kwamba chumvi ndiyo presha. Mama alikuwa amekonda, uso na viganja vimesawijika, na kila mtu alisema ni mawazo ya vita. Mimi nikasema ni chumvi. Mchuzi nikautia ya kuonja tu, kopo nikalifungia kwenye sanduku la nguo, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga.

Hakulalamika. Alianza tu kuyumba akisimama. Nami sikutulia: nachungulia barabarani, narudi kumtazama, nachungulia tena.

Siku ya tano mji ukafungwa. Vijana waliweka mawe njiani, risasi zikasikika upande wa mtaa wa Kinama. Asubuhi hiyo mama alitapika, akaanguka uani. Baba, fundi wa magari asiye na gari, akawa anazunguka na spana mkononi, sijui ya nini. Nikaruka ukuta kumwita jirani yetu muuguzi. Alipompima alishangaa: presha ilikuwa chini kabisa. Akauliza mgonjwa alikuwa akitamani nini. Baba akajibu, chumvi, ila alinyimwa.

"Na ni nani alimukatalia?" muuguzi akauliza.

Nilikwenda kufungua sanduku mbele yao. Muuguzi alichanganya chumvi na sukari kwenye maji, akamnywesha kijiko kwa kijiko mpaka alasiri, njia ilipofunguka tukamfikisha hospitali.

Daktari alitueleza kwa upole, na upole huo uliniuma zaidi. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Hutoa homoni inayoiambia figo irudishe chumvi kwenye damu, na chumvi ikirudi, maji huifuata. Tezi za mama zilikuwa zimekufa. Figo zake zilimwaga chumvi kwenye mkojo, maji nayo yakaondoka, ndiyo maana mwili ukawa unaidai. Akapewa vidonge vya kushika nafasi ya homoni, vya kila siku, maisha yake yote. Baadaye, nchi ilipowekewa vikwazo, nilivitafuta duka hadi duka nikiwa na roho juu.

Alipopata nguvu nilimwomba msamaha. Nikamuuliza kwa nini hakuvunja kufuli, au kumtuma mtu dukani.

"Mi nilijua iko mu sanduku," akasema. "Lakini ulikuwa unanichunga, mwanangu. Sikutaka kukuvunja roho."

Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kunitii. Mmoja tu aliyenitii, ilibaki kidogo afe.