Gitaa Lililolia Nyumbani kwa Mjomba

Juzi, sokoni Lyulilo, redio ya muuza vyungu ilipiga gitaa la umeme, kisha umati ukashangilia humo humo redioni. Mkono wangu ukaenda wenyewe kukaza kanga kiunoni.

Nilikuwa mtoto mama aliponituma na kapu la mchele kwa mjomba, aliyekuwa amemzika mkewe msimu ule. Njia nzima ilinukia kakao iliyoanikwa. Karibu na mlango nikasikia kitu kikilia kama mwanamke aliyefiwa, halafu watu wakipaza sauti, wengi kuliko watu wote wa kijiji chetu cha Mwaya. Nikajua ni msiba mwingine. Nikalitua kapu, nikaitoa kanga niliyoifanya kata kichwani, nikajifunga kiunoni kama mama, nikaingia nikiomboleza.

Mjomba alikuwa peke yake na kaseti aliyoipenda kuliko zote, ikicheza redioni.

"Nani amekufa?" nikauliza.

"Hakuna, mpwa wangu. Huyu analia kwa gitaa mbele za watu, nao wanamwambia ndaga."

Nikaduwaa. Mtu mmoja analia, na maelfu wanamshukuru!

Sasa najua ulikuwa muziki wa huzuni uitwao bluzi, uliorekodiwa jukwaani. Lakini mjomba, ambaye makaburini hakutoa chozi, siku ile uso wake ulikuwa umelowa, nami nikadhani ni jasho.