Siku Nane za "Hajambo"

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipopewa daftari nililoliandika mwenyewe nikaambiwa nilisome kwa sauti, na hadi leo nikiikumbuka uso unaniwaka kwa haya. Keti nikueleze. Nawe umepata kazi ya kuwatunza wazee, na juzi nilikusikia ukimwambia mama yako kwamba wazee wako wote hawajambo. Moyo wangu haukutulia.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa msichana wa Majengo, nimemaliza mafunzo ya huduma ya kwanza, nimepata kazi katika makao ya wazee pale Mji wa Kale. Nyumba yenyewe ilikuwa ya ghorofa, na ngazi zake zilikuwa kali hata wazee wote tukawalaza vyumba vya chini. Wazee walikuwa kumi na wawili. Msimamizi wetu, Bi Zuhura, alikuwa muuguzi mstaafu, mfupi, asiyependa maneno mengi. Hakuwa akimgombeza mtu. Alikuwa akikuuliza swali tu, nawe ukatamani afadhali angekugombeza.

Mimi nilijivunia mambo mawili, mwandiko na adabu. Mwandiko wangu ulisifiwa. Na adabu, basi mama yangu alitulea kwa salamu. Mtoto akimpita mtu mzima bila kumsalimu, siku hiyo nyumbani hapakaliki. Kwa hiyo kila asubuhi niliingia chumba baada ya chumba, nikasabahi, nikajibiwa, nikaandika kwenye daftari la zamu: hajambo. Kisha chai na mahamri, dawa, kutandika vitanda, mbio mbio hadi adhuhuri.

Chumba nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha Bi Rukia. Alikuwa mama wa watu wa Mji wa Kale, mtu wa heshima zake, ana ugonjwa wa sukari lakini hasikiki akilalamika. Nilikuwa nikimkuta amekwisha kuvaa, leso imefunika miguu, soksi zake za kuswalia chini yake, na chetezo kinafuka udi.

"Sabalkheri, bibi."

"Sabalkheri, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Hujambo wewe?"

"Sijambo, alhamdulillahi. Mamako hajambo? Na nduguzo?"

Tukamaliza ukoo mzima. Basi ilikuwa sharti la nyumba kwamba mwenye sukari miguu yake itazamwe kila siku, vidole, nyayo, visigino, kwa sababu mguu wa namna hiyo huumia bila mwenyewe kuhisi. Nami nilipoinama aliniambia, "Miguu niachie, mwanangu, n'shatia udhu." Ningemwambia nini? Bibi wa watu ametia udhu, mimi nimshikeshike miguu? Nikaona kumng'ang'ania ni utovu wa adabu. Nikaandika hajambo, nikaenda zangu, na ikawa hivyo siku nane mfululizo. Na nakiri kwako, mwanangu, kwamba moyoni nilishukuru, maana kazi moja ilikuwa imenipungukia.

Siku hizo Bi Zuhura alikuwa ameomba ruhusa kwenda kumuuguza dadake. Niliona hata udi wa Bi Rukia umezidi, auchoma asubuhi na jioni, nikasema kikongwe huyu apenda manukato. Nilimletea hata maua ya asmini kutoka Bondeni. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Siku ya tisa Bi Zuhura alirudi. Alisimama mlangoni mwa Bi Rukia, akavuta pumzi, akaniambia nikitoe chetezo nje. Kisha akaketi sakafuni karibu na kitanda, wakasalimiana kirefu, wakaulizana hali za watu walio hai na waliokufa, hana haraka kabisa. Nami nimesimama pale nahesabu kazi zilizonisubiri. Mwisho akasema kwa upole, "Bibi, salamu zimekwisha. Sasa nipe mguu."

Bi Rukia akageuza uso ukutani.

Soksi ya kushoto ilikuwa imeganda kisiginoni. Bi Zuhura aliilowesha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, akingoja iachie yenyewe, na ilipotoka nilikiona kidonda, kipana, kina usaha, na ngozi yake pembeni imebadilika rangi. Harufu ambayo udi uliifunika ilijaa chumbani. Nilijua mafunzoni mguu wa namna ile huishia wapi: hukatwa, na mara nyingine mwenyewe huzikwa.

Tukampeleka hospitali kwa teksi. Daktari alimwingiza ndani, sisi tukabaki kwenye benchi. Hapo ndipo Bi Zuhura alipotoa daftari mkobani, akaniwekea mapajani.

"Hebu nisomee."

Nikasoma. Jumatatu, hajambo. Jumanne, hajambo. Nilipofika siku ya tano nikataka kulifunga, naye akaweka kidole kwenye mstari wa sita, sikuwa na njia ila kumaliza zote nane.

"Hii habari ya nani?"

"Ya Bi Rukia."

"La. Hii ni habari ya adabu yake. Ya mguu wake iko wapi?"

Nikasema, "Nilimuuliza, bibi. Yeye mwenyewe yuwasema hajambo."

"Nawe leo asubuhi nilipokuuliza hujambo ulinijibu nini? Na jino lakuuma tangu jana, nakuona washika shavu. Kwani mato yako yalikuwa wapi, mwanangu, usimtazame?"

Kweli jino lilikuwa likiniuma, na kweli nilimwambia sijambo.

Tulikaa muda mrefu. Nilimuomba Mungu kwa kila dua niliyoijua. Sikujiombea kazi yangu, nakwambia kweli. Niliona haya hata kuifikiria. Nilimuomba mguu ule tu.

Daktari alipotoka alikuwa akifuta miwani. Akasema kidonda hakijafika mfupani, na kwamba mgonjwa atalazwa, atasafishwa, atapewa dawa, na mguu utabaki. Angecheleweshwa siku chache zaidi, yeye daktari asingeweza kuahidi kitu. Basi, mwanangu, mimi nililia pale pale mbele ya watu, kilio cha mtu aliyeshushwa mzigo, na Bi Zuhura mwenyewe nilimuona akijipangusa kwa pindo la buibui.

Tulipoingia wodini nilimuuliza Bi Rukia kwa nini alinificha. Akaniambia dadake alikatwa mguu kwa sukari, hakumaliza mwaka. "Niliogopa," akasema. "Tena wewe waja na uso mkunjufu hivyo, sikutaka kukuharibia asubuhi." Akanishika mkono, akaniuliza kama mama yangu hajambo! Nikacheka na machozi bado hayajakauka. Baada ya wiki kadhaa alirudi makaoni kwetu akitembea kwa miguu yake miwili, polepole, na fimbo, na ile siku sote tulikuwa kama tumepata sikukuu.

Nami tangu hapo nilibadili kazi yangu. Salamu sikuziacha, hasha, mzee asiposalimiwa vizuri hakuamini na mwili wake. Lakini nikishamaliza nilisema waziwazi, "Salamu zimekwisha, bibi, sasa nauliza kama mtunzaji." Nikauliza umelala saa ngapi, umekula kiasi gani, choo umepata, wapi panauma. Na mguu nikautazama kwa macho yangu, na akisema ametia udhu nilimletea maji atie tena. Kwenye daftari nikaandika nilichokiona, siyo nilichoambiwa.

Hiyo ndiyo nasaha yangu. Mzee wa kwetu atakwambia hajambo hata akiwa anaungua, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, na kwa sababu anakuhurumia wewe na haraka zako. Usimlaumu. Mpe heshima yake yote, kisha funua leso. Aibu ya dakika moja ataisahau. Na kama umekosea, usifiche, mwambie mkubwa wako siku hiyo hiyo. Mimi hapa ulipoingia ulinisalimu nikakujibu sijambo, na goti hili la kushoto halijaniacha nilale tangu Jumatano.

Haya, lete kigoda ulitazame goti. Mola akupe subira ya kungojea jibu la pili, ailainishe mikono yako kwa kila utakayemshika, na siku utakapozeeka wewe akuletee mtu asiyetosheka na sijambo yako. Amin.