Mahindi ya Kabwe na Urefu wa Mchumba Wangu

Baba mkubwa alinikataza kuoa kule Kabwe kwa sababu ya mahindi.

Alishuka huko ziwani kununua samaki, wale migebuka, akapita kwenye shamba la wazazi wa mchumba wangu, akakuta mahindi yanamfika kiunoni. Ya kwetu, huku juu Sumbawanga, yanamzidi kichwa. Akarudi na hukumu: hewa ya ziwani inadumaza. Inadumaza mahindi, inadumaza watu, na mchumba wangu ni ushahidi tosha.

“Lakini yule si mfupi, baba,” nikamwambia.

Akanitazama kwa huruma. “Mapenzi yamekuharibu macho, mwanangu. Mimi nimemwona mara mbili.”

Nilikasirika hadi ugali ukanishinda. Bila neno lake hakuna mshenga wa kwenda Kabwe, na yule binti nampenda. Nikaamua kumbana kwenye mahindi yake. Nani kamwambia kwamba mbegu ni moja? Yetu ni ile ya tangu enzi za babu, inayotundikwa jikoni juu ya moshi. Ya Kabwe ilinunuliwa dukani, ile inayowahi kukomaa.

Nikamtaka azijaribu mwenyewe. Msimu uliofuata baba mkubwa akazipanda zote mbili bega kwa bega shambani kwetu, pale tulipotawanya ntumba, vile vilima vya udongo tunamofukia nyasi zioze. Hewa moja, mvua moja. Mahindi ya dukani yakagoma kiunoni.

Nilishangilia, kumbe najichimbia kaburi.

“Basi si hewa,” akasema baba mkubwa. “Ni mbegu. Huyo binti ana ufupi wa ukoo. Huo hautoki.”

Jumapili mchumba wangu akaja kutusalimia. Akapiga magoti mlangoni. “Shikamoo, baba.” Baba mkubwa akaitikia kutoka kitini, kisha akanikonyeza: unaona?

Nikaona. Mara zote mbili alimwona amepiga magoti, na akitoka hapo binti huyu huinama kwa adabu mpaka jikoni.

“Hebu simama wima,” nikamwambia.

Alinishangaa, lakini akasimama. Kilemba chake kikagusa kizingiti cha juu. Baba mkubwa akainua shingo, akaendelea kuinua.

“Unaona?” akasema mwishowe. “Kaja huku mara tatu tu, hewa yetu imeshamvuta juu!”

Maswali yalinijaa mdomoni. Nikayameza yote, nikauliza mshenga aende lini.