Rimoti Iliyovaa Kanzu

Rimoti ya bibi yangu ilikuwa na kanzu. Sitanii. Bibi ni mshonaji hapa mtaani Biryogo, na chochote kilichoingia nyumbani uchi alikionea huruma. Aliishonea rimoti kanzu nyeupe yenye vifungo, sisi tukawa tunabadilisha chaneli kwa kuipapasa tumbo.

Kila jioni baada ya magharibi, wanawake wa mtaa walikuja kwake kutazama tamthilia. Kandambili zilijaa mlangoni, chai ya tangawizi ikazunguka. Tamthilia yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, ambacho wengi wao hawakukijua, kwa hiyo mimi mwanafunzi ndiye niliyepewa kazi ya kutafsiri. Niliifanya kwa uongo mtupu. Tajiri akimwambia mkewe anampenda, mimi nasema, "Anauliza nani kamaliza sambusa." Walicheka hadi wakafuta machozi kwa mitandio. Bibi alinirushia kandambili.

"Mshenzi wewe! Tafsiri vizuri!"

Kesho yake ananiita tena.

Kisha zikaja simu janja. Jirani mmoja, fundi cherehani mwenzake bibi, aliingia siku moja tamthilia ikiendelea, hakukaa hata mkekani.

"Huyo bwana harusi anakufa, mama," akasema. "Mimi iko nayo yote kwenye simu, nimeshamaliza."

"Yewe! Umeniulia mtu kabla sijanywa chai!"

Tulicheka. Jirani hakurudi. Wengine nao wakabaki kwao, kila mmoja na skrini yake kiganjani, kila mmoja amefika mahali pake kwenye hadithi. Kwetu pia ikawa hivyo: baba, dada, mimi. Baba akaona king'amuzi hakitazamwi na mtu, akaacha kukilipia. Bibi hakuambiwa. Sijui baba alidhani bibi si mtu.

Jioni iliyofuata bibi alichemsha birika zima, akatandika mkeka, akawasha runinga. Skrini ikawa nyeusi, na maandishi ya Kiingereza katikati.

"Inasema nini?"

Ilisema kifurushi kimekwisha, tulipie. Nikatazama mlangoni. Kandambili zilikuwa zake na zangu tu.

"Inasema wageni wamechelewa kidogo, tuwasubiri."

Nikainamisha kichwa kungoja kandambili. Haikuja. Bibi aliifunga rimoti vifungo vya kanzu, kimoja kimoja, akailaza mkekani kando yake, akanimiminia chai.

"Haya," akasema, bila kuitazama skrini. "Tafsiri tena. Polepole."