Shikamoo ya Mkanda

Domitila alijifunza mieleka machungani, huko Bonga, kabla Babati haijawa makao makuu ya mkoa. Enzi hizo msichana hakuulizwa cheo. Aliyelala chali ameshindwa, na vumbi la mgongoni ndilo lililokuwa cheti chake.

Kisha mkoa ukaja, na watu wa vyeti wakaja nao. Mwalimu Praygod akafungua klabu ya judo katika ukumbi mmoja Maisaka, akaweka sheria: mkanda wa chini humwamkia mkanda wa juu. Domitila, mama wa watoto wawili, alikuwa na mkanda wa njano mwaka wa sita sasa, kwa kuwa mitihani ya mikanda ilifanyika Arusha, na kila mara ikagongana na mavuno ya maharage. Hope, binti wa miaka ishirini, alikuwa na mkanda wa kahawia. Basi kila jioni mtu mzima alimwinamia mtoto, "Shikamoo," na mtoto akaitikia, "Marahaba," bila kuona haya. Waliotuachia salamu hiyo waliipima kwa umri. Hawa waliipima kwa rangi ya kitambaa.

Na bado, siku ambazo sare hazijakauka wakafanya mazoezi na fulana tu, bila mikanda, Domitila alimbwaga Hope kama gunia la mahindi.

Ikafika siku ya kuchagua mwanamke mmoja wa kuuwakilisha mkoa. Asubuhi Domitila alimwambia mumewe, Aniceti, "Maisha yangu yote sijachaguliwa kwa lolote. Leo wasiponichukua, ukumbini sirudi."

Ukumbini, Domitila na Hope wakafunga mikanda, wakaamkiana. Dakika ya pili Domitila alimpata: kola mkononi, nyonga chini ya tumbo la Hope, miguu ya binti imeshaacha mkeka. Hope akamnong'oneza, "Taratibu, njano. Unajua umemshika nani?"

Mikono ya Domitila ikalegea. Haikuchoka, ililegea kama ya mtu aliyegusa kiti cha mkubwa bila ruhusa. Akaanguka yeye, chali.

"Mmeona?" Praygod aliwaambia wengine. "Mkanda hausemi uongo."

Nje, penye bomba la maji, Hope alimfuata Domitila. "Mama Filbert, uliniachia?"

"Sikukuachia. Mikono ilikuamkia."

Hope akasafiri na timu. Pambano la kwanza tu aliangushwa na mwanamke wa mkanda mweupe, mgeni kabisa wa mchezo, ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha amwamkie nani. Habari hizo zilipofika Bonga, Domitila hakucheka. Sare yake alikuwa ameshaichana matambara ya kupigia deki.