Mwishehe na Kaburi la Jukwaani

Mwishehe wa Mlingotini alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilimlisha: alikuwa seremala wa jukwaa katika kituo kimoja cha sanaa Bagamoyo mjini. Ya pili ilimpa heshima: kwa miaka ishirini na sita ndiye aliyeongoza uchimbaji wa makaburi kijijini. Jukwaani akikosea kipimo, alikata ubao mwingine. Makaburini hakuwahi kukosea.

Agosti iliyopita alikuja Mina, mwalimu aliyesomea uchezaji ng'ambo, na nia ya kuonyesha baleti ya zamani, ile ngoma ya Kizungu ya kusimamia ncha za vidole. Kisa kina umri wa karibu miaka mia mbili: msichana anadanganywa na mchumba, anakufa kwa uchungu, kisha anafufuka na kucheza naye makaburini. Mina alitaka watu wa leo wajione humo. Kwa hiyo msichana akawa muuza mananasi wa Kiwangwa, na mchumba akawa mtoto wa tajiri anayejifanya dereva wa bodaboda.

"Shikamoo, Baba Mwishehe. Nataka kaburi."

"Marahaba. Kafa nani?"

"Hajafa mtu. La jukwaani. Samia, mchezaji wangu, atafufukia humo."

Habari ilifika Mlingotini kabla ya Mwishehe mwenyewe. Mzee Hamidu, mwenyekiti wa kamati ya maziko ambayo mimi ni katibu wake, alimwita baada ya sala ya alasiri.

"Jembe likishachimba kaburi la mchezo, litachimbaje la mtu?"

"Mzee, ndiyo kazi niliyoajiriwa."

"Basi tutakuja kulitazama. Tukiona dhihaka, jembe utalikabidhi, na makaburini utakuja kama watu wengine, kuzika tu."

Niliandika hivyo hivyo, na Mwishehe akatia sahihi.

Aling'oa mbao za katikati ya jukwaa, akaanza kuchimba mchanga wa chini. Mina alitaka shimo lilale kukingama, ili watazamaji wamwone Samia mzima anapoinuka.

"Akilala hivyo, uso utaelekea wapi?"

"Kwa watazamaji, Baba."

"Watazamaji wako magharibi. Yaani maiti atazame Msata?"

"Lakini huyu ni wa hadithini. Hata dini yake hatuijui."

"Si umesema wa Kiwangwa? Kiwangwa nimezika watu saba."

Akachimba kwa kufuata kibla. Ubavuni mwa shimo akatoboa mwanandani, kile chumba chembamba anamolazwa maiti, akakiegemezea mbao. Muziki ulimpa Samia mapigo nane tu ya kufufuka. Alipojaribu, alisukuma mbao, akatambaa hadi shimoni, akapanda ukingo, na muziki ulikuwa umekwisha zamani.

"Aliyelazwa vizuri hatoki haraka," Mwishehe alimwambia.

Onyesho la kwanza lilikuwa Ijumaa jioni, jua lingali juu. Kamati ilikaa mstari wa mbele, watu watano. Msichana alipokufa, wanawake walimsonya mchumba. Kisha mbao zikagongwa chini ya ardhi. Fidla zikaisha. Kukawa kimya kirefu, halafu mkono wenye mchanga ukatokeza.

"Innalillahi!" Nusu ya mstari wa tatu ilisimama na viatu mkononi.

"Rudi ulale, mwanangu!" alipiga kelele Bi Kuruthumu, muuza vitumbua. "Mume mwenyewe wa pikipiki ya kuazima! Huyo ni wa kufufukiwa?"

Samia alicheza vizuri, mchanga ukimwagika nyweleni kila aliporuka. Wageni wa Dar es Salaam walisimama kupiga makofi. Mmoja alimwambia Mina hajapata kuona kimya kikitumiwa kwa ujasiri kama ule. Mina alimshukuru.

Mzee Hamidu alipanda jukwaani, akapiga magoti ukingoni, akapima kwa shubiri. Mwishehe alisimama kando, kofia mkononi.

"Kina sawa. Kibla sawa. Mwanandani sawa."

"Alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi ya nini? Ungekosea, tungesema ni mchezo. Hili ni kaburi kamili, na umeliacha wazi halina mtu! Unamngoja nani humo?"

Kwetu kaburi likishachimbwa halilali wazi. Likikosa mwenyewe, huzikwa mgomba badala yake. Mwishehe alilijua hilo kuliko sisi sote. Alikuwa ameshughulika mno na vipimo.

"Jembe lete," alisema Mzee Hamidu. "Utarudishiwa kaburi hili likipata mwenyewe."

Tukaleta mgomba, tukaulaza kwa ubavu wa kulia. Dua haikusomwa, maana mgomba hauna dhambi. Tukafukia. Watazamaji, wakidhani ni sehemu ya tatu ya onyesho, walirudi kukaa, na kwa mara ya kwanza jioni ile hakuna aliyeuliza jirani yake kinachoendelea. Bi Kuruthumu alilia.

Mwishehe akarudishiwa jembe, kwa sharti kwamba asiliache tena kaburi wazi hata mara moja.

"Wazee wangu," Mina aliuliza, "kesho mtaweza tena?"

Mzee Hamidu alimjibu kwamba sisi si wacheza ngoma. Kisha akauliza saa ngapi, kwa kuwa kaburi lingechimbwa upya na lazima awepo wa kusimamia. Jumamosi kamati ilikuja na kanzu zilizopigwa pasi. Jumapili Mzee Hamidu aliomba Abdullatif, mwenzetu wa kamati ambaye ni mrefu, asisimame mbele yake.

Jumatano alifariki Bi Dija, mjane wa Mlingotini. Asubuhi nzima Mwishehe alikaa barazani kwake, jembe limeegemea ukuta, asijue kama ataitwa baada ya makaburi yale ya mchezo. Saa nne akaja Mzee Hamidu mwenyewe.

"Umekaa nini? Unataka tukuletee barua?"

Akachimba. Sikuona kosa, na nilitazama sana. Wakati wa kufukia, Mzee Hamidu alichukua beleshi, akazunguka hadi upande wa magharibi, ule wa watazamaji kule jukwaani, ambako leo hapakuwa na mtu, akanyoosha kanzu na kuinua kichwa.

"Mzee," Mwishehe alimnong'oneza, "njoo huku kwenye mchanga. Leo tunazika."