Nani Atabaki na Njiti wa Sista Esteria

Kwa maelezo ya Mama Claudine, anayeuza ndizi nje ya hospitali moja wilayani Kibondo, nesi Esteria alimpora bibi mmoja mjukuu wake, akamvua shati mwanamume wa watu hadharani, kisha akawafungia wote chumbani.

"Kumvua nilimvua," anasema Esteria, anacheka. "Kumpora, hapana."

Ni Alhamisi, saa mbili asubuhi. Mwanamume mwenyewe, Tharsisi, ameegemea mto katika chumba cha watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wakati. Kifuani, ndani ya kitenge, amelala mtoto wa dada yake, kilo moja na gramu mia tatu. Mama mtu bado hajapata nguvu baada ya upasuaji, hivyo joto la mjomba ndilo linalomtunza mtoto.

Bibi alikuwa amekataa. Alisema kwao mwanamume hashiki kichanga kabla kitovu hakijadondoka. Esteria hakubishana. Aliuchukua mkono wa bibi, akauweka kwenye nyayo za mtoto, zilizokuwa za baridi.

"Akaanza mwenyewe kumfungua mwanawe vifungo. Mimi nikamalizia kumvua shati."

Leo ni siku ya nne.

"Tharsisi, maziwa hayajatoka tu?" bibi anauliza. Akina mama wanacheka.

"Taratibu, mama. Utamwamsha."

Esteria, mwenye miaka 36, ni mzaliwa wa Kasulu. Amepata nafasi ya kusomea uuguzi bingwa wa watoto wachanga huko Mwanza, miaka miwili.

"Kumpa mtoto joto najua. Akiacha kupumua, ujuzi wangu unaishia njiani. Mwaka jana walitutoka tisa. Mama zao nakutana nao sokoni, wananisalimia vizuri tu. Hapo ndipo ninapochoka."

Mwingine aliyefunzwa kazi hii ni mmoja tu, Mansuri, mwenyeji wa Lushoto. Miaka mitatu ameomba uhamisho arudi kwa mkewe, na barua ya kumkubalia imefika wiki iliyopita. Muuguzi mkuu amewaambia ataondoka mmoja tu. Wakubaliane wenyewe, wampe jibu kesho.

Mchana Esteria anamkuta Mansuri akimlisha mtoto kwa mrija, bomba la sindano lenye maziwa kaliinua juu.

"Mansuri, mdogo wangu. Mkeo nitampigia mimi, anigombeze mimi. Nipe hiyo miaka miwili."

Mansuri hageuki. Anayatazama maziwa yakishuka.

"Huyu kabakiza mililita mbili, Sista."

Esteria anavuta kiti, anakaa, anasubiri ziishe.